Mtunza Bomba wa Bondeni

Watu wa bonde letu walimwita Shangazi, ingawa waliokuwa na haki ya kumwita hivyo kwa damu walikuwa wachache mno. Jina hilo lilimganda tangu ujanani, enzi zile alipokuwa akipita nyumba hadi nyumba akiwakaripia watoto wa wenzake kana kwamba ni watoto wa kaka yake, akiwaamuru wanawe mikono kabla ya kugusa chakula. Kufikia wakati ninaotaka kuusimulia, hata sisi tuliomzidi umri tulikwisha kuzoea kumwita Shangazi bila kuona haya.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye hatua za haraka, na pua yake ilikuwa na sifa zake peke yake. Akiinama juu ya lundo la samadi aliweza kukwambia kama limeiva au bado lina moto. Akipita kando ya nyanya alisimama ghafla, akasema, "Hapa kuna ukungu," nawe ukiyafunua majani ungeukuta umejibanza kwa chini. Tulimtania kwamba pua yake ikistaafu itatubidi tuajiri mbwa. Naye alijibu kuwa mbwa mwenye akili hawezi kukubali kufanya kazi na watu wabishi kama sisi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuacha ualimu, na nilikuwa na vitanda vyangu viwili vya karoti pale bondeni, zaidi kwa kujiliwaza kuliko kwa kujilisha. Kwa hiyo niliyaona mengi ya haya kwa macho yangu. Yale nisiyoyaona alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa utaratibu, akirudi nyuma kila aliporuka jambo.

Zamani kila mkulima wa bonde lile alinyunyizia mboga zake dawa aliyoitaka, kwa kipimo alichokikisia, na siku ya kuvuna ikifika alivuna, hata kama majani yalikuwa bado na weupe wa dawa ya jana. Kijito kilichopita chini yetu kilibeba vyote. Ndipo akaja mpishi mkuu wa hospitali iliyoko juu ya kilima, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kujifuta mikono hata ikiwa mikavu. Alitukusanya kando ya kijito akasema anatafuta mboga za wagonjwa, mwaka mzima, na kwamba yuko tayari kuchukua zetu zote iwapo tutaacha dawa kali. Bwana shamba alijitolea kutufundisha kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka na kuyachanganya na pilipili na sabuni. Alitufundisha pia kupanda vitunguu katikati ya kabichi, na kutorudisha zao lile lile pale pale. Hata mwenye duka la pembejeo, ambaye chupa za dawa ndizo zilizomjengea nyumba, alikubali kutuletea mbegu bora na vibao vya manjano vya kunasia wadudu. Alinung'unika, lakini alileta.

Tukanunua kwa pamoja bomba moja la kunyunyizia, la kubeba mgongoni, jipya kabisa, ambalo halijawahi kuonja sumu. Sharti lilikuwa moja tu: bomba lile lisitoke bondeni, wala lisitiwe kitu kingine ila mwarobaini. Mtunzaji wake akachaguliwa Shangazi. Hapakuwa na mwingine aliyependekezwa.

Na palikuwa na desturi moja tuliyoianzisha wenyewe, baada ya mpishi kutuuliza swali dogo: "Nitajuaje?" Kila asubuhi ya kuvuna, kabla kisu hakijagusa shina, kila mkulima alipita katika vitanda vya jirani yake, si vyake mwenyewe. Aliangalia, aligeuza majani, kisha akachuma jani moja, akalisuuza, akalitafuna mbele ya wote na kusema, "Nimepita, nimekula." Hapo ndipo mwenye vitanda aliporuhusiwa kuvuna. Tuliliita jambo hilo kupita. Mwanzoni lilituchekesha, maana jani bichi la kabichi si chakula cha binadamu. Lakini lilitufunga pamoja kuliko karatasi yoyote ambayo tungeitia sahihi.

Basi ikawa, katika miezi ya ukavu, Shangazi akashikwa na mafua makali. Siku ile homa ilipoanza kumpanda, akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, aliyekuwa akifuga ng'ombe na kuuza maziwa kwa baiskeli.

"Shemeji, naazima bomba. Saa moja tu, narudisha."

"Hilo si langu. Ni la kikundi."

"Na hicho kikundi asubuhi kinakunywa maziwa ya nani?"

"Yako. Na maji ya kijito uliyoyaongeza."

Shemeji akacheka, kisha uso ukambadilika. "Mimi nitukane utakavyo, ila ng'ombe muonee huruma. Langu limepasuka, na yule mwekundu yuko karibu kuzaa. Kupe wamemjaa masikioni mpaka nikimwita hasikii."

"Hata bila kupe hawezi kukusikia. Amekuchoka."

Lakini Shangazi alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea kwenye msumari wa kibanda cha vifaa, bomba lilipotundikwa. Alimjua yule ng'ombe. Maziwa yake ndiyo yaliyomtunza mume wake miezi ya mwisho, aliposhindwa kumeza kitu kingine.

"Ukimaliza, lioshe kwa sabuni," alisema. "Si kwa maji matupu. Ndani, kwenye mpira, na kwenye ncha."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Shemeji alilirudisha siku ile ile na kulitundika mwenyewe, kwa kuwa Shangazi alikuwa amelala, amejifunika gubigubi. Alipopata nafuu, wadudu walikuwa wameanza kutoboa spinachi zake. Akachuja mwarobaini, akaumimina ndani ya bomba, akapulizia vitanda vyake vyote, pua ikiwa bado imeziba kama chupa iliyotiwa kizibo. Alipomaliza alilitundika. Siku iliyofuata akaja mke wa seremala, binti mdogo aliyeolewa pale karibuni na aliyekuwa akilima vitanda vilivyopakana na vya Shangazi. Akalichukua, naye akapulizia spinachi zake, mtoto akiwa ameachwa kivulini, kisha akalirudisha mahali pake.

Mafua yakamwacha Shangazi kama yalivyomjia, bila kubisha hodi wala kuaga. Ilikuwa alasiri, na kesho yake ndiyo siku ya kuvuna. Aliingia katika kibanda cha vifaa kutafuta kamba za kufungia mafungu, akasimama mlangoni. Harufu ilikuwa pale, kali, nzito, ya mafuta ya taa na kitu kingine kama sarafu iliyonyonywa. Ni harufu anayoijua kila aliyewahi kusimama karibu na ng'ombe wanaooshwa. Akalitungua bomba, akafungua kifuniko, akaingiza uso. Akaugeuza mpira juu chini na kuutikisa. Kwenye ncha likatokea tone moja, akalipokea kwenye kiganja. Maji ya mwarobaini yana rangi ya chai iliyochacha. Tone lile lilikuwa jeupe kama maziwa.

Alijiambia kuwa huenda ni la juu juu tu, kwamba limebaki kwenye ncha peke yake. Kisha akakumbuka kuwa yote yaliyofika kwenye majani yalipitia kwenye ncha ile.

Alimkuta shemeji yake akikamua.

"Bomba uliliosha?"

"Shikamoo hamna siku hizi?"

"Nakuuliza, uliliosha?"

"Nililiosha, shemeji. Nililiosha kama ninavyojiosha mwenyewe."

"Ndicho ninachokiogopa. Kwa sabuni?"

Mikono ya shemeji ikasita kwenye chuchu. "Sabuni iliisha. Lakini maji niliyamwagia mengi tu. Ndani na nje."

"Na mpira?"

"Mpira nao una ndani?"

Shangazi aligeuka. Alitoka pale akaelekea dukani, akitembea kwa kasi hata watu aliopishana nao wakamuuliza kuna nini, naye akawaambia hakuna. Mwenye duka la pembejeo alikuwa akifunga milango. Alimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za wengine, dawa ya kupe ikiangukia majani ya mboga hukaa muda gani. Mwenye duka alimtazama juu ya miwani yake.

"Kwenye ngozi ya ng'ombe najua, imeandikwa. Kwenye mboga haijaandikwa, kwa sababu hakuna aliyetegemewa kuitia huko. Mboga za nani?"

"Za mtu."

"Basi huyo mtu asizile. Na amuone bwana shamba."

Bwana shamba alikuwa mjini kwenye mafunzo, na simu yake iliita mpaka ikakata. Shangazi alipiga tena na tena, akiwa amesimama njiani, hadi giza likaanza kuingia na chaji ikamwishia. Akarudi nyumbani, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

Aliniambia baadaye kuwa aliyapima yote. Angeweza kusema spinachi zake hazijakomaa, lakini kila mwenye macho alikuwa ameziona zilivyonawiri. Angeweza kusema zimeingiwa na wadudu, akazing'oa zake kimya kimya. Je, za mke wa seremala? Naye alitumia bomba lile lile, na spinachi zote huchanganywa katika makreti yale yale, hakuna anayejua baadaye lipi la nani. Akiyasema yote, mpishi ataondoka. Na mpishi akiondoka, bonde zima litarudi kuuza kwa walanguzi wanaokuja na gari na kutupangia bei wakiwa wamekaa ndani yake. Watu walikuwa wamesomesha watoto kwa mboga zile. Samaki mmoja akioza ndio wote, na aliyeoza safari hii alikuwa ndiye mlinzi wa kapu.

Kwa upande mwingine, ilikuwa imepita karibu wiki. Jua lilikuwa kali. Labda dawa ilikwisha kukauka. Labda hakuna kitu. Neno hilo, "labda", alilala nalo, akaamka nalo.

Asubuhi ile tulikuwa wote bondeni, umande ungali kwenye majani. Mpishi alikuja mwenyewe, maana dereva wa gari la hospitali alikuwa mgeni na hakuijua njia. Alisimama kando ya makreti akijifuta mikono. Tukaanza kupita. Mimi nilipita kwa jirani yangu, nikatafuna jani langu, nikasema maneno yangu. Mzee mmoja tuliyemwita Kabichi, kwa kuwa kabla ya kikundi hakupanda kitu kingine maishani, alikuwa akilalamika kuwa meno yake hayatoshi tena kwa desturi hizi na kwamba safari ijayo apewe jirani wa nyanya. Watu walicheka. Niligeuka kumtazama Shangazi, nikashangaa kumwona hacheki. Alikuwa amesimama katikati ya kabichi za mzee, alikopangiwa kupita, lakini macho yake yalikuwa kwenye vitanda vyake mwenyewe.

Kule mke wa seremala alikuwa akipita. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Binti yule aligeuza majani kwa uangalifu wa mtu mpya asiyetaka kukosea, akachagua jani moja changa, akalisuuza kwenye kata ya maji, akalikung'uta. Akafungua kinywa.

"Tema!"

Sauti ile sikuitambua kuwa ni ya Shangazi. Alikuwa akikimbia, akikanyaga kabichi za mzee, kitambaa kikimdondoka kichwani. "Tema! Usimeze! Tema, mwanangu!"

Binti alilitema. Mtoto akaamka akilia. Shangazi alimfikia, akamshika kidevu, akamtazama ndani ya kinywa kama mtu anayetafuta mwiba, akamsukutulisha kwa maji yaliyobaki katika ile kata. Kisha, akiwa bado amemshika, akageuka kwetu na kusema yote: bomba, ng'ombe, mafua, tone jeupe. Hakulia. Aliyasema haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hayajamrukia.

Mtoto aliendelea kulia.

"Shangazi," mke wa seremala alisema hatimaye, taratibu sana. "Mimi nanyonyesha."

"Najua, mwanangu."

"Na mimi nimepulizia kwa bomba hilo hilo."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

Hapo ndipo nilipomwona Shangazi akiinamisha kichwa. "Tangu jana jioni."

"Jana jioni! Na asubuhi hii umenisalimia, ukanishikia mtoto nikifunga kanga!"

Mzee Kabichi akadakia, "Sisi tunaolazimishwa kula majani kama mbuzi, kumbe mbuzi wana heri, wao hawana mwenyekiti wa bomba." Hakuna aliyecheka. Mwingine akauliza kwa sauti wiki zilizopita nazo tulikula nini, na swali lile likaanza kuzunguka kutoka mtu hadi mtu, kila mmoja akimtazama mwenzake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Niliona wazi jinsi kitu kilichotuchukua misimu mingi kukijenga kinavyoweza kuporomoka asubuhi moja kabla ya chai.

Mpishi alijifuta mikono. "Nina wodi ya watoto," alisema. "Leo nitawapikia maharage. Kesho sijui." Akamwashiria dereva. Makreti yakarudishwa garini matupu, hata yale yaliyokuwa ya karoti na kabichi, ambazo bomba lilikuwa halijazigusa. Kumwambia hivyo tuliona haya.

Bwana shamba alirudi siku hiyo hiyo, akachuma majani katika vitanda vyote, akayafunga katika mifuko na kuyapeleka maabara. Siku za kusubiri zilikuwa ndefu. Mboga zilizidi kukomaa, na hakuna aliyethubutu kuvuna, wala aliyethubutu kumwita mlanguzi, ingawa tulimwona akipita barabarani polepole, dirisha limefunguliwa. Mke wa seremala alimpeleka mtoto zahanati, akaambiwa hana tatizo, na kesho yake akampeleka tena. Shangazi alishinda nyumbani. Bomba alilileta mwenyewe kwangu na kuliacha mlangoni. Nilipomwambia aingie, alisema hapana, ana kazi, na sote wawili tulijua kuwa hana.

Tulipoitana mkutanoni, bwana shamba alimleta shemeji. Lilikuwa jambo geni. Wafugaji hawakuwahi kuketi nasi, maana tulipokuwa tukipanga mambo ya bonde tuliwakumbuka mpishi, mwenye duka, hata dereva wa hospitali, lakini watu wenye ng'ombe waliokunywa maji ya kijito kile kile hatukuwakumbuka. Shemeji, ambaye sikuwahi kumwona amekaa dakika tatu bila utani, alisimama akiishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mimi sikujua kama mpira una ndani," alisema. "Ndivyo ilivyo. Ninyi mlifundishwa, mimi sikufundishwa. Nimekuwa nikiosha ng'ombe juu ya kijito miaka yote, na hakuna aliyeniambia maji yale yanakwenda wapi. Nilidhani yanakwenda mbali."

Watu walinung'unika, lakini walisogea wakampa nafasi kwenye benchi. Siku ile ile ilikubaliwa wafugaji wachimbe birika lao la kuogeshea ng'ombe mbali na maji, nasi tuwasaidie kwa majembe. Mwenye duka akaahidi, kwa kunung'unika kama kawaida yake, kuwaletea mabomba yao ya rangi nyekundu ambayo hata kipofu asingeyachanganya na letu.

Majibu yalipofika, dawa ilionekana katika spinachi za Shangazi, na kwa kiasi kidogo katika zile za mke wa seremala. Vitanda vingine vyote vilikuwa safi. Spinachi zile zikang'olewa na kuzikwa katika shimo kwenye ardhi kavu, na vile vitanda tukaambiwa tuviache wazi msimu mzima. Mke wa seremala aliomba apangiwe jirani mwingine wa kupita kwake. Tulimkubalia, na Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuunga mkono ombi lile.

Mpishi hakutuma ujumbe wowote. Alikuja tu, kwa miguu, akamkuta Shangazi akikwatua ile ardhi yake tupu, kazi isiyokuwa na haja. Mimi nilikuwa kwenye karoti zangu, na upepo ulinipa maneno yao bila mimi kuyaomba.

"Siku ile ulinitisha," mpishi alisema.

"Nami nilijitisha."

"Nina swali moja. Yule binti asingelitia jani kinywani, ungesema?"

Shangazi aliacha jembe.

"Sijui, baba. Nilikuja nimeazimia kunyamaza. Nilikuwa nimekwisha kujiambia labda hakuna kitu. Ni lile jani tu ndilo lililonishinda. Kwa hiyo watu wanaponiambia nimekuwa mkweli, mimi najua ni woga."

"Woga wa nini?"

"Wa yule mtoto mgongoni."

Mpishi alitazama ardhi iliyokwatuliwa, akajifuta mikono kwenye suruali. "Jikoni kwangu," alisema, "wapishi wasioogopa nimewafukuza wote."

Kisha akamuuliza kabichi za yule mzee zimefikia ukubwa gani. Shangazi alisema yeye hawezi kumjibu, kwani hakuwa tena mtu wa kumsemea mwenzake, na kama anataka kujua aende akaulize mwenyewe. Mpishi akasema atakwenda, lakini anamwogopa yule mzee kwa maneno yake. Shangazi akachomeka jembe ardhini, akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, akatangulia kumwonyesha njia.